Dada wa Mwenye Duka

Mtu mmoja alikuwa na duka moja na dada mmoja, na vyote viwili alivipenda. Jina lake lilikuwa Osmundi. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, aliitwa Leonsia. Waliishi katika mji mmoja wa kusini, kule kwenye kahawa na ukungu, ambako mwezi wa saba watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti hadi jua lipande.

Wazazi wao walifariki mapema, na Leonsia ndiye aliyemlea Osmundi. Hakuolewa. Wachumba walipokuja aliwaambia wasubiri mpaka mdogo wake asimame, na wachumba hawakusubiri. Alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni, juu ya turubai lililotandikwa kwenye vumbi, na Osmundi akitoka shule alikuja kukaa naye hapo. Mahali pale hapakuwa na mlango. Mkulima aliyetoka shambani na tope miguuni aliinama akachagua. Bibi kizee alikaa kitako akapekua mpaka aridhike. Kulikuwa na fundi viatu mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imekauka tangu utotoni. Alikuja akijikokota kwa mikono, na akifika kwenye turubai la Leonsia alikuwa sawa na wateja wengine wote, kwa kuwa wote walikuwa chini.

Osmundi alipokua aliingia kwenye biashara hiyohiyo, na alikuwa na jicho zuri la nguo. Akaagiza belo la mitumba kwa jina lake mwenyewe, belo lake la kwanza. Siku ya kwenda kulichukua aliamka na homa. Dada yake akamgusa shingoni, akamwambia, "Wewe lala. Nitakwenda mimi." Akaenda. Wakati wa kurudi lori lilipinduka kwenye kona za milimani. Belo halikuchanika hata uzi. Leonsia, aliyekuwa ameketi juu yake, alivunjika uti wa mgongo.

Sikilizeni vizuri hapo, ndugu zangu. Nguo za kwanza za Osmundi zilifika mjini, na mgongo uliozileta haukunyanyuka tena.

Msinielewe vibaya. Osmundi hakuwa mtu mbaya. Alilala kwenye sakafu ya wodi muda wote dada yake alipokuwa hospitali. Alimtafutia kiti cha magurudumu, akamjengea chumba chenye sakafu laini, akamwomba jirani yao mjane, Mama Fausta, awe anamwogesha na kumpikia, na hakumwacha mama huyo mikono mitupu. Watu walimtaja kama mfano. Kina mama walipogombana na watoto wao wa kiume waliwaambia, "Kwa nini usiwe kama Osmundi?"

Nguo za belo lile ziliuzika. Likaja belo jingine, na jingine. Osmundi akaondoka chini, akapata kibanda. Akaondoka kwenye kibanda, akajenga duka kwenye barabara kuu, mkabala na benki. Fundi Ditram, aliyelijenga, alimshauri msingi unyanyuliwe, kwa sababu masika maji hushuka kwenye barabara ile kama mto. Hilo lilikuwa kweli. Lakini Osmundi alitaka unyanyuliwe kuliko maji yanavyofika. Alitaka mtu akiwa mbali aone duka limesimama juu ya mengine. Ikawa hivyo. Zikajengwa ngazi za vigae vinavyong'aa, nyembamba na kali. Pembeni likawekwa dirisha kubwa la kioo, na ndani ya kioo zikasimamishwa sanamu za plastiki zilizovalishwa suti na magauni. Zilikuwa na miguu mirefu, iliyonyooka, na hazikuwa na pa kwenda.

Siku ya kulizindua, padri alikuja kulibariki, pilau likapikwa, wakubwa wa mji wakapanda ngazi na wake zao. Leonsia alikuwepo. Mama Fausta alimsukuma akamfikisha pale chini, na mtu mmoja akamshikia mwavuli, maana kulikuwa na manyunyu. Sahani ya pilau ilishushwa ikaletwa kwake. Watu waliposhangilia kule ndani, yeye alipiga makofi kule nje, akitabasamu, na hakujua wanachoshangilia.

Tangu hapo kila sikukuu Osmundi alimpelekea dada yake nguo. Alizichagua mwenyewe, kitambaa kizuri, mshono mzuri, akaziweka kwenye mfuko wa duka na kumpelekea nyumbani kwa mkono wake. Leonsia alizipokea kwa mikono miwili. "Asante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie." Akazivaa, akaenda nazo kanisani, na watu wakasema, "Tazameni Osmundi anavyomvika dada yake." Walisema kweli. Alimvika, kama mtoto mchanga anavyovikwa, ambaye hakuna anayemuuliza.

Jioni moja Osmundi alipopita kumjulia hali, Leonsia alimwambia, "Mdogo wangu, nataka nije dukani."

"Unahitaji nini, dada? Sema tu, kesho nikuletee."

"Sihitaji kitu. Nataka nije."

"Utasumbuka bure, dada. Pale kuna ngazi, watu wanabanana. Wewe tulia. Duka litakuja kwako."

Osmundi aliondoka amefurahi kwa maneno yake, duka litakuja kwako. Aliyarudia njiani akaona yamekaa vizuri.

Wiki ya kuelekea Pasaka, mji ukiwa umejaa, Leonsia alimwambia Mama Fausta amsukume mpaka dukani. Mama Fausta akauliza kama Osmundi anajua. Leonsia akajibu kwamba mtu haombi ruhusa kwenda kwa ndugu yake. Alikuwa ameoga mapema, amejipaka mafuta, amefunga kitambaa kichwani vizuri. Walikwenda polepole, wakikwepa mashimo, mpaka wakafika chini ya ngazi, na hapo kiti kikasimama.

Mhudumu wa duka, mwanamke mmoja aitwaye Sarafina, aliwaona kupitia kioo akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu."

"Bosi yuko na wateja nyuma kule. Usihangaike kupanda, ngoja nikuletee nguo hapahapa."

Akapanda, akarudi na magauni mkononi, akaanza kuyapima kifuani kwa Leonsia moja baada ya jingine, pale barabarani. Alifanya hivyo kwa moyo mwema. Lakini barabara ilikuwa na watu, na watu walipunguza mwendo. Mmoja akasema, "Hilo la maua limempendeza." Mwingine akasema, "La bluu ndilo zuri, mpe la bluu." Wakachagua wao. Kisha mwanamke mmoja mwenye viatu vya kisigino, akiwa anapanda ngazi kuingia dukani, alifungua pochi bila kusimama, akadondosha sarafu kwenye mapaja ya Leonsia, akaendelea kupanda. Mama Fausta alifungua kinywa ampigie kelele. Leonsia akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Ameona kiti. Hakuniona mimi."

Ndipo Osmundi akatokea mlangoni. Alimwona dada yake, akaona watu, na uso wake ukamshuka. "Dada! Kwa nini hukuniambia?" Akatazama huku na huku, akawaita wapagazi wawili waliokuwa wakishusha magunia duka la jirani. "Mbebeni taratibu," aliwaambia. Walikuwa watu wazima, wenye heshima, na walijua kubeba. Mmoja akamshika kwapani, mwingine miguuni, wakamnyanyua kama walivyozoea kunyanyua. Katikati ya ngazi gauni la Leonsia likapanda juu ya magoti. Miguu yake, ambayo tangu atoke hospitali hakuna aliyeiona ila Mama Fausta, ikaonekana na barabara nzima. Kiatu kimoja kikaanguka, kikashuka ngazi kikigonga kila kigae. Leonsia alifumba macho. Hakuyafumbua mpaka alipowekwa chini.

Kumbe hata huko ndani hapakuwa na mahali pake. Hanga, vile vyuma virefu vya kutundikia nguo, zilikuwa zimesongamana, na kiti kilichopandishwa nyuma yake hakikuweza kupita, kikaachwa mlangoni kama mwavuli uliolowa. Yeye walimkalisha kwenye kigoda kando ya meza ya kulipia. Kutoka pale mkono wake haukufikia nguo hata moja. Hakufikia kioo cha kujitazamia. Chumba cha kujaribia nguo kilikuwa kule mwisho, nyuma ya pazia, chembamba, cha mtu wa kusimama. Wateja walimzunguka kupita, wakisema samahani mama, samahani mama. Osmundi alisimama mbele yake, jasho likimtoka, mikono imejaa magauni hadi kidevuni.

"Dada, duka lote hili ni lako. Sema tu unataka ipi."

Leonsia alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtoto aliyeulizwa swali jepesi akakosa. Kisha akasema:

"Osmundi, sikuja kuchukua nguo. Nguo ninazo. Nilikuja kuingia."

"Lakini si umeshaingia, dada?"

Alimwomba Mama Fausta awaite wale baba wamrudishe. Wakamshusha kama walivyompandisha. Mpagazi aliyemwokotea kiatu akapiga goti na kumvisha, na Leonsia akampa ile sarafu, akamshukuru. Wakarudi nyumbani.

Neno lile lilimuuma Osmundi. Hakulala vizuri, na asubuhi na mapema alimwita fundi Ditram aje aone. Fundi alitembea huku na huku, akapima kwa macho, akasema, "Kazi ndogo hii, bosi. Upande huu tunavunja ngazi, tunaweka mteremko wa zege, mpana, kiti kipande chenyewe. Maji hayataingia, mtaro tutaupitisha chini. Ila kioo chako itabidi kirudi nyuma, na hizi sanamu hazitakuwa na pa kusimama. Na kule ndani upunguze hanga, pawe na njia."

Osmundi alizitazama sanamu. Zilimgharimu. Watu walisimama barabarani kuziangalia. Alizitazama hanga, akafikiria zipi zitoke, na kila aliyoifikiria ilikuwa na nguo zinazotoka vizuri.

"Tupishe Pasaka kwanza," alisema.

Pasaka ilipopita yakaja masika, na zege halimwagwi kwenye mvua. Mvua zilipokatika, yakaja mavuno ya kahawa, watu wana fedha, nani afunge duka? Kisha sare za shule. Kisha Krismasi. Ditram alipopita barabarani aliuliza, "Vipi, bosi, ile kazi?" na Osmundi akajibu, "Baadaye kidogo, fundi." Hakusema hapana hata mara moja. Na hapana, ndugu zangu, ni neno lenye huruma kuliko baadaye. Aliyeambiwa hapana hugeuka akaenda zake. Aliyeambiwa baadaye hubaki mlangoni.

Kulikuwa na wengine waliofika chini ya ngazi zile. Mwalimu mstaafu mwenye magongo alifika, akazitazama, akageuka. Mama mwenye mapacha wachanga, mmoja mgongoni na mmoja mikononi, aliweka mguu kwenye kigae kilicholowa, akauondoa. Sarafina alipomweleza Osmundi habari hizo, yeye alisema watu wa namna hiyo si wengi. Yeye mwenyewe huwaona kwa nadra sana dukani. Na ni kweli kwamba aliwaona kwa nadra. Aliyekaa ndani ya nyumba isiyoingilika atawaonaje walioshindwa kuingia?

Leonsia hakuomba tena. Osmundi akaona ukimya ule, akadhani ni amani. Aliendelea kumpelekea nguo, na Leonsia akaendelea kuzipokea kwa mikono miwili na kusema Mungu akuzidishie. Ila sasa hakuzivaa. Mama Fausta alizikunja akaziweka sandukuni na vipande vya karatasi vya duka vikiwa bado vinaning'inia. Baadaye Leonsia alisema soko lina kelele, akaacha kwenda sokoni. Halafu akasema kanisani kuna baridi. Siku zikawa za kukaa tu, mahali pamoja, kwenye kiti kilekile, akitazama uani kuku wakiparua. Mama Fausta alimbembeleza wakatembee hata mpaka kwenye kona. "Kwenda wapi?" Leonsia alimuuliza, na lilikuwa swali la kweli.

Mtu anayekaa hivyo, mwili wake humgeuka. Vilimtoka vidonda vya mgongoni. Yeye hakuvisikia, maana sehemu ile ilikufa siku ya lori, na Mama Fausta alipovigundua vilikuwa vimeshaingia ndani. Homa ikapanda. Akapelekwa hospitali, na Osmundi akafunga duka akaenda kukaa kando ya kitanda.

Mwezi wa saba ulikuwa umeingia, na wagonjwa walikuwa wamejifunika hadi masikioni. Leonsia aliamka adhuhuri moja, akamwona Osmundi, akamuuliza, "Umekula, mdogo wangu?" Ni swali alilokuwa akimuuliza kila alipotoka shule. Osmundi alitaka kusema mengi, likatoka moja.

"Dada, mwezi ujao fundi anaanza ile kazi."

"Sawa," alisema Leonsia, akafumba macho. Alimwamini au alimhurumia, hakuna ajuaye. Siku iliyofuata alifariki.

Wanawake walikuja kumwosha. Wakafungua sanduku, wakakuta nguo nyingi, nzuri, mpya, wakastaajabu. Mmoja wao akasema si vema kumvika marehemu nguo ya kubahatisha. Avikwe ile aliyoipenda mwenyewe. Wakaulizana ni ipi. Mama Fausta hakujua, akasema Osmundi atajua, na kama haimo sandukuni itakuwa dukani. Akatembea mpaka barabara kuu. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu mlango, na Osmundi alikuwa ndani peke yake; alikuwa amekuja kuchukua kitambaa cha kufunika jeneza, akasahau alichokuja kuchukua.

"Nimekuja kuuliza nguo ya kumvika, baba," Mama Fausta alisema. "Wanawake wanasema iwe ile aliyoipenda."

"Ni ipi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Wewe ndiye ndugu yake."

Osmundi akaenda kwenye hanga. Akashika gauni jeupe, akaliacha. Akashika la kijani, akaliacha. Mtu huyu alijua mke wa mkuu wa shule anapenda kola ya namna gani. Alijua nani mjini hawezi kuvaa mikono mifupi na nani huchukia njano. Mteja akikanyaga mlangoni, mkono wa Osmundi ulikuwa umeshafika kwenye nguo yake. Sasa mkono ule ulikwenda huku, ukarudi, ukaenda kule, kama wa mtu anayetafuta ukuta gizani. Alifika mwisho wa duka, akageuka.

"Mama Fausta, wewe umekaa naye miaka yote hii. Alipenda rangi gani?"

Mama Fausta alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli, na hata siku ile hakutaka kusema uongo.

"Sijui, baba. Tangu aumie, sijawahi kumwona akichagua."

Osmundi alikaa chini palepale, katikati ya nguo, akalia kwa sauti. Alilia kama mtoto, akimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo Mama Fausta hakuwahi kulisikia. Watu barabarani walisimama kwenye kioo. Mama Fausta alingoja, na alipoona hakuna dalili ya kunyamaza, na maiti inangoja nguo, akanyoosha mkono akachukua gauni lililokuwa karibu. Hakulitazama. Ndilo alilozikwa nalo Leonsia.

Kaburi lilichimbwa asubuhi. Walilichimba majirani, wenye maduka ya barabara kuu, wapagazi, na fundi Ditram mwenyewe. Ardhi ilikuwa ngumu kwa ukavu, lakini walipokezana majembe, na kabla jua halijafika utosini walikuwa wamemaliza. Hakuna aliyesema tungoje sikukuu ipite.

Matanga yalipoanuliwa, Osmundi alimwita Ditram. Safari hii hakuzungumza naye sana. Ngazi zilivunjwa. Vigae vilipasuka kwa urahisi, kama sahani. Kioo kikarudishwa nyuma, sanamu zikalazwa stoo kifudifudi. Ukawekwa mteremko wa zege, mpana, uliokwaruzwa juu ili magurudumu yasiteleze, na chuma cha kushikia pembeni. Ndani hanga zikapunguzwa, njia ikawa wazi mpaka kwenye kioo cha kujitazamia na mpaka kwenye chumba cha kujaribia, ambacho nacho kilipanuliwa na pazia lake likawa kubwa. Kazi haikuwa kubwa, kama fundi alivyosema tangu mwanzo. Wateja walimsifu Osmundi. Walisema ameacha kumbukumbu njema. Padri alimpa mkono. Mtu mmoja akamwambia, "Dada yako huko aliko anafurahi," na Osmundi akatazama pembeni.

Mwalimu mwenye magongo alikuja. Mama wa mapacha alikuja. Kisha siku moja, mchana, duka likiwa tulivu, alikuja mwanamke mmoja ambaye hawakumfahamu, mtu wa makamo, kwenye kiti cha magurudumu. Hakuwa na wa kumsukuma. Alipanda mteremko kwa mikono yake, akapumua, akaingia. Sarafina akainuka kumsaidia. Osmundi akampa ishara akae.

Yule mwanamke alizunguka. Alitoa gauni kwenye hanga, akalikunjua, akatazama mshono, akalirudisha. Alichukua sketi, akaisogeza kwenye mwanga. Alikwenda mpaka kwenye kioo akajipima blauzi nyekundu, akakunja uso, akajipima nyingine, akajicheka mwenyewe. Akaingia nyuma ya pazia na nguo kadhaa akakaa humo muda mrefu, na huko ndani alisikika akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kawaida, wa mtu ambaye hana haraka. Alipotoka, alizirudisha zote mahali pake. Wateja wengine waliendelea na shughuli zao. Hakuna aliyemtazama kuliko anavyotazamwa mtu yeyote.

Osmundi alimsogelea. "Umepata, mama?"

"Hapana, baba," alisema yule mwanamke. "Nilikuwa naangalia tu."

Akageuza kiti, akashuka polepole, akachanganyika na watu wa barabarani.

Osmundi alibaki mlangoni akimfuata kwa macho mpaka hakumwona tena. Ndipo alipojua dada yake alikuwa amemwomba nini. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho: kuja, kuangalia, kukataa, na kuondoka. Alimwambia Sarafina ahudumie wateja. Yeye akaingia nyuma ya lile pazia pana, na Sarafina, aliyekuwa karibu, akaanza kuzungumza kwa sauti kubwa na wateja, ili wasimsikie.

Nimemaliza, nami nina swali moja kwenu, ambalo msinijibu mimi, bali mjijibu wenyewe mkifika nyumbani: ikiwa mikono iliyomchimbia Leonsia kaburi ndiyo mikono ya watu wa barabara ileile, kwa nini mikono yetu ni myepesi hivi kuchimba kaburi, na mizito hivi kubomoa ngazi?